Wanawake Wanne Chini ya Kipoyi

Cibalonza alikuwa mtu wa kinyongo, na mimi niliyepiga mashine ya kuandika naye meza moja miaka tisa sitampaka mafuta kwa sababu nampenda. Ukimkosea Jumatatu, Ijumaa bado anakumiminia chai baridi. Ofisini Bukavu tulimwita Citoyenne, yaani raia, Cibalonza, kama ilivyotaka serikali iliyokataza majina ya ubatizo, kanisani alibaki Godelive, na tukiwa wawili nilimwita Godé.

Baba yake, muzee Bisimwa, alikaa kwenye kilima upande wa Kabare, ambako gari halifiki. Huko mgonjwa hushushwa mjini kwa kipoyi, kitanda cha mianzi kinachobebwa mabegani na wanaume wanne, na kila nyumba hutoa mbebaji kwa zamu. Asiyekuja kubeba wagonjwa wa wenzake, wa kwake hawabebwi. Mkubwa wa wabebaji alikuwa Anaclet, na kipoyi kilikaa nyumbani kwake.

Mwaka 1977 muzee Bisimwa alikosa zamu mbili kwa sababu alikuwa mjini kwa Godé, mtaa wa Nguba, akitibiwa macho. Anaclet alilijua hilo. Muzee aliporudi kilimani tumbo likamkamata, watu wakakimbia kuomba kipoyi, na Anaclet akasema, “Sheria ni sheria. Ye alibeba nani?” Jirani mmoja akambeba mgongoni. Muzee akafia njiani, kabla hata hawajaiona barabara. Na matangani Anaclet akaja, akakaa mbele, akanywa kasiksi, pombe ya ndizi ya wafiwa, na kuomba aongezewe.

Godé hakulia. Tulipokuwa tunaosha vikombe akaniambia, “Martine, ule mwanaume anakunywa pombe ya baba yangu. Ntamulipisha, mbele ya batu bote.”

Nilidhani ni maneno ya msiba. Kumbe simjui.

Mwaka ukazunguka. Siku ya misa ya kumbukumbu ya baba yake, Godé akamwomba padri ruhusa ya kusema. Masista wa dispansari, wale wanaopokea wagonjwa wa kilimani, walikuwa wanalaza watu kwenye saruji kwa kukosa mablanketi. Basi yeye angeshuka na kipoyi kipya toka kilimani hadi kwa masista, kilomita kumi na saba, kwa jina la baba yake, na kila nyumba iweke juu chochote cha kumfunika mgonjwa. Wabebaji, akasema, watakuwa wanawake wanne.

Kanisa zima likacheka. Mwanamke wa kwetu Bushi anapanda mlima na gunia la makaa mgongoni, kamba kichwani, mimba tumboni, na hakuna anayeona ajabu. Lakini kipoyi ni cha wanaume. Mwanamke akikigusa, walisema, anaita kifo.

“Kifo kilishaka kuya,” Godé akajibu. “Ao hamukukiona?”

Nilikubali kuwa mmoja wa wale wanne, na bega langu la kushoto linanikumbusha mpaka leo. Tulipita mlango kwa mlango. Waliotoka kutucheka walirudi ndani wakaja na kitenge, na shuka, na blanketi la harusi lisilowahi kutumika, hadi mianzi ikaanza kulia. Mbele ya nyumba ya Anaclet tulimkuta yeye na mkewe Virginie wamesimama njiani. Anaclet alikuwa amevaa abacost ya sikukuu, suti ya heshima isiyo na tai, mikononi ana mablanketi mawili mapya ya sufu. Hakuwa mjinga, alijua kilima chote kinatazama.

“Binti yangu, pokea,” akasema.

Nilianza kupiga goti ili tushushe. Godé, aliyekuwa mbele, hakupunguza hata hatua. “Bamaman, tuendelee. Hapa hakuna nyumba.”

Kwetu mtu anaweza kukutukana leo na kesho mkanywa pamoja. Lakini kukataa zawadi yako hadharani, kukupita kama kichaka, hilo halisahauliki. Anaclet alitufuata na mablanketi yake kichwani, abacost ikilowa jasho, mpaka kwa masista, na Godé akamwambia sista kwamba hamjui. Niseme ukweli? Nilifurahi. Nilifurahi hadi nikaona aibu, kisha nikafurahi tena.

Tangu siku ile Anaclet aliona haya kutoka nje. Pembe ya kuita wabebaji ikilia, yeye anajifungia ndani. Akakosa zamu moja, ya pili, ya tatu, na wenzake wakachagua mkubwa mwingine. Mwezi wa sita Virginie akashuka kwa miguu mpaka Nguba, akatukuta tunachambua maharagwe.

“Maman Godelive, bwana yangu anakufa. Muguu imeoza. Banaume banakatala kumubeba, banasema sheria ni sheria.”

Godé akachambua maharagwe yake hadi ya mwisho. Niliogopa jibu lake kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

“Akufe?” akasema hatimaye. “Kufa ni kupumuzika. Martine, vaa viatu.”

Kesho yake tukamchukua, wanne walewale. Kulikuwa na njia ya mkato nyuma ya migomba, Godé akaikataa. Tulimpitisha mbele ya kila mlango, polepole, jua la mchana, tukipumzika hasa palipo na watu wengi. Anaclet akajifunika uso kwa shuka. Godé akamfunua taratibu, akasema hewa ni nzuri kwa mgonjwa.

Tulipofika pale muzee Bisimwa alipokata roho, Godé akatuambia tushushe. Anaclet naye alipajua.

“Unisamehe, binti yangu,” akasema, machozi yakimwingia masikioni.

“Hapana,” Godé akajibu. Akamweka vizuri ule mguu juu ya kitenge, tukabadilisha mabega, tukamfikisha kwa masista akiwa hai.