Kiganja cha Mama Juu ya Boneti

Sikiliza, nikueleze. Kila ninaponusa moshi wa mazutu, yaani dizeli, asubuhi yenye baridi, namwona mama huko Mudende, akiwasha pikapu yetu kuukuu, kioo kimejaa ukungu. Shangazi alikuwa ndani ya gari, uchungu wa kuzaa umemshika, na hospitali iko mbali, chini Gisenyi.

"Twende basi!" mume wa shangazi alipaza sauti.

"Bado, shemeji," mama akajibu. "Moteri iko baridi. Ikizimika mu njia, ni we utasukuma?"

Hata shangazi alicheka katikati ya maumivu. Mama aliiacha injini ingurume taratibu, kiganja juu ya boneti, uso umetulia. Tulipoondoka, haikuzimika hata mara moja. Mtoto alizaliwa hospitalini.

Nawe, asubuhi ya baridi, weka kiganja kwenye boneti. Ukihisi uvuguvugu, ondoka.