Difu Mbili Zilizosagika

Juzi nilipita Kibondo. Lami imefika, mabasi yanateleza tu pale tulipokuwa tukisukuma gari kwenye tope la magotini. Nikamkumbuka bibi, nikacheka peke yangu hadi abiria wa pembeni akajisogeza.

Mwaka 2012 nilikuwa darasa la tatu. Bibi alinunua maharage Mabamba akayauza Kasulu, kwa gari kuukuu la Kirusi linalovuta magurudumu yote manne. Aina ile tulikuwa nayo sisi na jirani wa ng'ambo ya bonde, mwalimu mstaafu. Basi.

Masika yale difu yetu ikafa mlimani, lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalogeuza magurudumu. Fundi aliifungua, meno yote yamesagika. Wauza vipuri wa Dar walitucheka, na bei ya kuagiza nje ilimkalisha bibi chini. Gari likalala uani, kuku wakataga ndani yake. Sisi tukarudi kubeba maharage kichwani, na jioni tukala ugali wa muhogo kwa chumvi.

Gari la mwalimu nalo lilikuwa limesimama. Alitangaza kuwa injini imekufa. Bibi alifurahi waziwazi, maana basi difu ni nzima! Lakini mchuuzi hataji anachokitaka, ukitaja tu bei inapanda. Naye akatangaza kuwa letu pia limekufa injini. Mwalimu alikuwa akikohoa vibaya, kwa hiyo bibi akaamua kumngoja afe, ajadiliane na mjane.

"Subira huvuta heri," alisema akipepeta maharage.

Kila Jumapili alinituma na maziwa. "Msalimie, usikilize kifua chake."

Mwalimu alinipokea kwa bashasha, akinisalimia kwa Kiha kama mtoto wake. "Mwakeye, mwana wanje. Presha ya bibi yako inaendeleaje? Bado anaanguka?" Mtoto mimi nilidhani ni upendo.

Akafa 2015. Bibi alilia msibani kumshinda mjane, huku spana za fundi zikiwa zimeviringishwa kwenye kanga, chini ya mkungu wa ndizi tulioleta. Watu walipomaliza kula akamsogelea mjane.

"Shemeji, gari hilo litakutia uchungu bure kila ukilitazama. Niuzie nikuondolee."

"Utalifanyia nini, dada? Injini nzima, difu ndiyo iliyosagika, kabla hata lako halijalala. Mzee alikuwa akiingoja ya kwako. Alisema presha yako haikufikishi Krismasi."

Bibi akakaa mkekani. Mjane hakuwa na haraka.

"Na mwenye duka la vipuri kule Kasulu alishamwambia, akipatikana mteja wa pili wakaagiza pamoja, bei inashuka nusu. Mzee akamwapisha asimtaje kwa mtu."

Maneno hayo hayo bibi alikuwa ameambiwa katika duka lile lile, naye alimwapisha mwenye duka vilevile.

Magari yote mawili yaliondoka kwenye lori moja la chuma chakavu, yakiuzwa kwa kilo. Bibi naye alishazikwa, na nyumba zile mbili zimebaki misingi na majani. Umaskini ule nimeusamehe. Kinachoniuma ni kwamba miaka mitatu nilivuka lile bonde kwenda na kurudi, na hakuna hata mmoja wao aliyenituma neno la kweli.