Walioleta kompyuta mpya hawakuuliza habari ya kikapu

Feni haijawashwa bado, na Mama Vidole tayari anagombana na kompyuta.

"Wewe nawe! Funguka basi, watu wako mlangoni," anaifokea, huku akipangusa kibodi kwa kitambaa chenye spiriti. Vitufe karibu vyote amevifunika kwa kadibodi. Ameacha mishale miwili tu, wa kushoto na wa kulia.

Jina hilo alipewa na wagonjwa. Kazi yake katika chumba cha mazoezi cha hospitali hii ni kuwarudishia watu vidole vyao: waliopigwa na kiharusi, walioanguka, waliobanwa na mashine kiwandani. Ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Sauti yake inasikika hadi dirisha la dawa, na ukimwambia apunguze ndiyo kwanza anaongeza.

Chombo chake kikuu ni mchezo wa kompyuta wa zamani. Matunda yanadondoka kutoka juu, nawe una kikapu chini, unakisogeza uyadake. Basi. Picha zake ni mbovu na muziki wake unachosha, lakini matunda yanashuka taratibu, na hiyo taratibu ndiyo dawa.

"Mtu ukimwambia kunja kidole, kunja tena, anachoka upesi," anasema. "Mwambie, embe hilo linaanguka! Utamwona. Anasahau kabisa kwamba anaumwa."

Kisha wakaja wenye kuboresha.

Jumatatu moja Mama Vidole alikuta chumba kimepakwa rangi. Kompyuta za zamani zilikuwa zimebebwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, na mpya zilikuwa mezani zinang'aa. Hakuna aliyemuuliza neno. Alitoa sidii ya mchezo wake kwenye droo, akazunguka mashine nzima akitafuta pa kuiingiza. Hapakuwapo. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi kompyuta, alimletea kifaa cha kusomea sidii. Mashine ikajibu kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi kwenye mfumo huu.

Akamfuata afisa wa kompyuta wa hospitali. "Mama, mchezo ni mchezo tu," aliambiwa. "Pakua mwingine, iko tele."

Alipakua. Katikati ya zoezi likachomoza tangazo la mikopo.

"Mtu kidole kinatetemeka, anatakiwa alenge kialama kidogo kama punje ya mchele ili afunge tangazo! Huo si uchokozi?"

Ni uchokozi. Mwandishi wa habari hii ana mikono miwili mizima, na tangazo lile lilimshinda mara mbili.

Aliyeumia zaidi ni fundi suti, mwanamume wa makamo ambaye mkono wake wa kulia ulilala baada ya kiharusi. Kompyuta zilipobadilishwa, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kushika mkasi. Kikapu kilipokosekana, vidole vikaanza kukakamaa tena. Mkewe, anayemleta kila zoezi, aliviona vikijikunja siku hadi siku.

Hatimaye shemeji akapata njia. Aliweka programu ndogo inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya.

"Mchezo ukiamka unadhani bado uko kwao," anaeleza akicheka. "Nimeudanganya, shemeji, kama unavyomdanganya kaka yangu."

"Ishia hapo hapo," anamjibu Mama Vidole.

Siku hiyo muziki ulipolia walishangilia, wakazima mashine, wakaenda kunywa chai. Hapo ndipo walipokosea. Hakuna hata mmoja wao aliyedaka tunda.

Mchezo ule hauna mwendo wake wenyewe. Unakwenda kwa kasi ya mashine unayochezewa. Fundi suti alipoketishwa mbele yake, matunda yalimwagika kama mvua ya mawe. Kikapu kiligonga ukingo huu, kikagonga ule. Hakudaka hata moja. Naye hakuilaumu mashine. Aliutazama mkono wake.

"Umekufa huu," alimwambia mkewe. "Twende nyumbani."

Hakurudi. Mkewe alipiga simu kusema kwamba ameagizwa auze cherehani.

Mama Vidole anapofika hapa, sauti yake inashuka kwa mara ya kwanza. "Nililia. Kosa la kutojaribu ni langu, sikatai. Lakini ile mashine ya zamani iliwakosea nini? Unanunua jiko jipya, ndiyo utupe na sufuria zenye chakula?"

Shemeji alipunguza kasi kidogo kidogo, mpaka Mama Vidole akasema hapo, usiguse tena. Kisha akaiazima kompyuta ya mkononi ya shemeji, yenye mchezo ule ule, akaenda nayo hadi sebuleni kwa fundi suti.

"Dada, niache. Nimeshakubali," alisema mwenye nyumba.

"Sikuja kwako, kaka. Nimekuja kucheza."

Akaketi, akaweka kasi ile ile ya siku ile, akacheza kwa mkono wake mzima. Hakudaka hata moja. Akarudia. Sifuri tena.

Fundi suti akaangua kicheko. "Kumbe limashine lenyewe ndilo lenye wazimu!"

"Na cherehani?" akaendelea, akimgeukia mkewe.

"Cherehani gani? Mimi sikumtafuta mnunuzi hata siku moja."

Leo ndiye wa kwanza mlangoni. Anaketi, anaweka kidole juu ya mshale. Embe linashuka. Kikapu kinajikokota, kinafika. Anadaka, anakosa mawili, anadaka tena. Mkewe amesimama nyuma yake, anahesabu kwa midomo bila sauti.

Tangazo lililobandikwa ukutani linasema mfumo wa kompyuta utabadilishwa tena mwakani. Mama Vidole amekwisha kata shauri.

"Safari hii wakae kikao nami nikiwemo. Nitawafunga mkono wa kulia kwa kitambaa, kila mmoja, niwaambie wadake kwa kushoto. Ndipo tuongee habari ya vipya."

"Tutakwenda wote," anasema fundi suti, macho hayatoki kwenye skrini. "Nami nitavaa suti nitakayoshona kwa mkono huu."

"Na ikiwa hujaimaliza?" anauliza Mama Vidole.

"Nitaivaa hivyo hivyo na pini zake. Waione."