Koo la Achieng

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, chai ikiwa bado ngeni huku Kericho, dada yangu Achieng aliamka koo limevimba. Sisi watu wa ziwa tuliishi kwenye laini, zile safu za nyumba za vibarua wa shamba la chai, na koo likiuma dawa ilikuwa moja tu: kukatwa kimeo. Baba akamwita mkataji. Achieng akalia, akatema damu, tukamsifu kwa ushujaa wake. Tukadhani yameisha.

Wapi! Majuma machache baadaye akashikwa na homa, goti likavimba. Goti likipoa, kiwiko kinashika moto. Nyapara akasema ni umande wa majani chai, na uvivu kidogo. Viungo vilipopona mama alichinja kuku, tukala tukicheka. Hakuna aliyejua kwamba homa ile ilikuwa imeshaingia moyoni.

Alipokuwa msichana mkubwa, kamlima kadogo tu kalimshinda na kikapu mgongoni. Dresa wa zahanati, mzee wa Kisii, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Moyo uko na milango minne," akamwambia baba. "Damu ikipita, mlango unajifunga. Huu wake wa kushoto umekunjamana, haufungi, damu inarudi nyuma. Asibebe mzigo. Na mimba itamlemea, mzee."

"Mlango?" Baba akacheka. "Basi niite seremala?"

Wakwe walikuwa wameshakuja kumposa, baba akaona aibu kuwarudisha. Achieng akaolewa. Alikufa na mimba yake, akihangaikia pumzi, kichwa chake mapajani mwangu. Ai, mwanangu, mpaka leo inaniuma.

Siku hizi najua zaidi. Wapo wanaozaliwa na mlango mbovu. Wengine unachakaa kwa uzee, au presha inapanua moyo mpaka mlango haukutani, au uchafu wa jino bovu unaingia kwenye damu na kuula. Wa kushoto ukivuja, pumzi inakatika. Wa kulia, miguu na tumbo vinajaa maji. Wa dada yangu ulianzia kooni: ugonjwa wa koo usiotibiwa ukaleta homa ile ya viungo, nayo ikauharibu mlango.

Kwa hivyo mtoto akiumwa koo, mpeleke hospitali, na dawa aimalize hata kama ameshaanza kucheza. Daktari akikwambia jambo usilolielewa, muulize tena, usimcheke. Mungu akupe pumzi ya kupanda vilima hivi vyote mpaka uzeeni, na wanao ndio wakuzike wewe. Baba yangu alimzika wake.