Mkalimani wa Padri

Kwa miaka arobaini alisimama kando ya altare, akigeuza mahubiri ya mapadri kwa Kiyup'ik, lugha yetu sisi wenyeji wa Alaska. Vidole vyake vilinuka moshi wa samaki, na kabla ya kila sentensi alikohoa kidogo, akitazama jiko la kuni badala ya nyuso zetu. Mapadri walishuka na ndege ndogo, wakakaa, wakahamishwa. Yeye alibaki nasi.

Pasaka iliyopita padri mpya alimwambia, "Mama, waambie walete ngoma zao humu kanisani." Alikohoa kidogo, akatazama jiko la kuni. Kisha akatugeukia, akasema kwa lugha yetu, "Yule padri wa zamani aliposema ngoma ni za shetani, mimi ndiye niliyewatafsiria. Kesho yake mzee Angalgaq akachoma ya kwake. Ningesema maneno mengine, padri asingejua kitu."

Binti wa Angalgaq, naye ana mvi sasa, akajibu bila kuinuka: "Yule mgeni tungembishia, dada. Wewe tulikuamini."

"Wanasemaje?" padri akauliza.

"Wanasema hatuna ngoma," akamjibu, akashika ukingo wa benchi, akaketi.