Brashi Hana Picha Kichwani

Mchoraji wa mabango wa mtaa ule huitwa Brashi, hata na ndugu zake. Vichwa vyote vilivyochorwa kwenye kuta za vinyozi ni kazi yake. Mikono yake imeshiba rangi ya mafuta, na ulimi wake hauna breki.

Mama yao alipofariki, simu iliyokuwa na picha zake ilikuwa imeshaibwa. Ndugu wakamwomba Brashi amchore kwa kumbukumbu, picha itundikwe sebuleni kwa mama, anakoishi sasa kaka yake Brashi. Akawaambia kwamba akifumba macho anaona giza tu. Mama hayumo, wala mtu mwingine, wala hata chungwa.

Lugha nyingi zina namna zao za kusema "namwona machoni pangu". Brashi alidhani maisha yake yote kwamba watu wanapamba maneno.

Kaka alicheka, kisha akaacha. "Umemuuguza mama, umemlisha, halafu humwoni? Basi hukumpenda."

Binti wa kaka, anayesoma saikolojia, akamtetea shangazi yake. Alisema wanasayansi wanawachunguza watu wa aina hiyo, na bado wanabishana kama kukumbuka kunahitaji picha kichwani. Akamalizia kwa upole kwamba ni hali tu, shangazi asijilaumu.

"Nani anajilaumu?" alisema Brashi. "Pole yako kaa nayo, mwanangu. Sijafiwa na macho, nimefiwa na mama."

Akaleta ubao na mkaa. Akamtaka kaka, yeye anayeona, aanze na pua. Kaka akafumba macho, akasema nyembamba. Dada yao mdogo akafumba yake, akasema wapi, ilikuwa pana. Walipofika kwenye nyusi walikuwa wanazozana, naye Brashi keshaanza kuchora: bega la kushoto lililoshuka, shingo iliyogeukia upande wa sikio lililokuwa bado likisikia, midomo iliyobana pini za kushonea. Hakumwona mama mpaka alipotokea ubaoni.

Kaka akasema yule si mama.

"Sawa," Brashi akamjibu. "Huyo wako mtoe kichwani, tumtundike."

Picha iko sebuleni, juu ya kochi. Kaka ameishusha mara mbili. Brashi ana ufunguo wa nyumba ile, na nyundo ni yake.