Mgeni Niliyechelewa Kumtambulisha

Bado nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, nilivyosimama nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, Sekei, miguu ikigoma kuingia. Nimekuzidi miaka minane tu, lakini mimi ni mama yako mdogo, kwa hiyo vumilia nikuite hivyo.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza chuo. Marta, Mpolandi aliyekuwa akiendesha baiskeli kutoka Kairo kwenda Cape Town, alianguka mbele yangu Ngaramtoni, akavunjika mfupa wa bega. Nikampeleka hospitali, kisha nikamchukua kwangu apone. Nilijua mgeni anatakiwa kutambulishwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Sikwenda. Je, akiniuliza namlaza kwa kibali gani? Je, akidhani nafanya biashara ya wageni? Kila siku iliyopita iliifanya safari ile ya dakika tano iwe ngumu zaidi.

Mwezi ukaisha. Viza ya Marta ilibakiza siku tatu, na bega lilikuwa halijapona. Uhamiaji wakataka barua ya mwenyeji yenye muhuri wa mtaa, la sivyo haongezewi muda. Nikajiona tayari mahakamani, na yeye akirudishwa kwao, safari yake imeishia chumbani kwangu.

Mwenyekiti, Mzee Kaaya, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho.

"Umekuja kwa ajili ya mzungu wa baiskeli."

"Unamjua, mzee?"

"Mtaa mzima unamjua. Mwenyeji wake ndiye sijamwona."

Nikamwomba aandike kwamba nilimtambulisha tangu alipofika. Akaweka kalamu chini.

"Binti, kosa lako lilikuwa dogo. Sasa unataka nikusaidie kulikuza? Kamlete."

Marta akaja, mkono umefungwa kitambaa. Mzee akamwagizia chai, akamuuliza kama mama yake anajua ameumia. Kisha akaandika: mgeni ametambulishwa leo, mwenyeji alichelewa kwa woga.

Kwa woga! Niliisoma barua ile njia nzima nikienda uhamiaji na Marta, mpaka ikalowa jasho.

"Uliogopa nini?" afisa wa uhamiaji akauliza.

"Kila kitu, afande."

Akachukua barua na pasipoti ya Marta. "Kaeni pale."

Tulikaa hadi saa nane mchana, mimi nikihesabu vigae vya sakafu. Kisha pasipoti ikarudi, imeongezewa muda. Woga wangu umo kwenye faili la uhamiaji mpaka leo, na hakuna aliyenifunga. Marta alipopona aliondoka kuelekea Dodoma, akipiga kengele ya baiskeli mbele ya ofisi ya Mzee Kaaya.

Sasa umepanga chumba Sombetini, na rafiki yako wa Nairobi anakuja. Nakujua, umerithi kichwa changu. Mpeleke kwa mwenyekiti siku ya kwanza, begi likiwa bado halijafunguliwa. Ukichelewa, nenda hivyo hivyo, useme umechelewa, wala usiombe tarehe ibadilishwe. Usingoje hofu iishe ndipo uende. Mimi mpaka leo hofu hunijia nikiona muhuri. Nenda nayo.

Mungu akupe miguu inayotembea hata moyo unapogoma, na kila mgeni wako aondoke kwako akiwa mzima.